Saloni yetu iko giza, tununue fotee mpya?

SWALI: Jambo yaya. Tunakaa Katindo mu nyumba ya mbao, saloni ni ndogo na ukuta moja ni wa jiwe ya volkano. Bwana yangu anataka tuuzishe fotee zetu tununue zile kubwa za ngozi nyeusi zenye tuliona kwa rafiki yake, anasema ndiyo nyumba itapendeza. Mimi naona iko tu giza, hata mchana sipendi kukaa mule. Tuanzie wapi?
Mama wa Katindo, Goma

JIBU: Jambo mama, asante kwa kuandika. Franga ya fotee muiweke kwanza, juu fotee kubwa nyeusi mu chumba chenye tayari kiko na ukuta mweusi itakula hata ule mwangaza kidogo munao. Saloni inapendwa juu ya mwangaza, vingine vinafuata nyuma.

Ile jiwe musiipake rangi, tafadhali! Huku Goma tunajenga na lava yenye tunakanyaga, ile ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia mu ziwa, na mimi naona hakuna pambo ya dukani yenye inaishinda. Ukiiangalia karibu utaona matobo madogo madogo, ni gazi ilikuwa inatoka wakati lava inapoa. Sugua vumbi na brosi ngumu, kisha weka taa chini, karibu kabisa na ukuta, isimulike kwenda juu: mwangaza ukipita pembeni ya jiwe kila tobo linatoa kivuli chake na usiku ule ukuta ndio wageni watatazama.

Kuta za mbao sasa ndizo za kupaka, piga musasa kwanza halafu rangi nyeupe yenye imeelekea kidogo ku manjano, na ikuwe ya kung'aa kidogo ili vumbi yetu hii nyeusi muipanguse na kitambaa bila rangi kutoka. Plafo ya tripleksi nayo nyeupe. Na musione haya juu ya nyumba ya mbao, muji uko karibu metre 1,500 juu ya bahari, usiku baridi inaingia na mbao inashika joto kuliko ukuta wa sima.

Rido muzipandishe karibu na plafo, na chuma chake kipite dirisha huku na huku, ukifungua kitambaa kinakaa ku ukuta, hakifuniki vioo. Ampule musome karatoni yake, ile namba yenye K inaonyesha rangi ya mwangaza: 6500K ni ile nyeupe ya buluu yenye inafanya sura za watu zionekane za wagonjwa, nyinyi mutafute 2700K ao 3000K, na ziwe mbili tatu ndogo ku pembe mbalimbali kuliko moja kali katikati.

Fotee zenu za zamani kama mbao yake ni libuyu, ile mbao ngumu, bwana asiziuzishe bure, fundi abadilishe musi (sponji ya ndani) na kitambaa tu, rangi ya mchanga ao ya kijani kidogo, halafu kitenge cha soko ya Birere kwa mito miwili mitatu, si kila mahali, macho yatachoka. Muzivute kidogo toka ku ukuta. Na kama franga inabaki, karpeti moja kubwa yenye miguu ya mbele ya fotee zote inakanyaga, kale kadogo ka katikati kanafanya saloni ionekane ndogo zaidi.