Maswali ya Wasomaji: Mzazi Ajue Nini Kuhusu Darasa la Mwanawe?

Barua tatu zilizochaguliwa mwezi huu zimetoka mikoa mitatu, moja kwa mwalimu na mbili kwa wazazi, na zote zinahusu jinsi habari za darasa la shule ya msingi zinavyofika, au zisivyofika, nyumbani kwa mtoto.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali, nina wanafunzi 112 katika chumba kimoja. Wazazi wengi siwaoni isipokuwa siku ya kuandikisha watoto na siku ya kikao cha kufunga muhula, na hata hapo wanaofika hawazidi theluthi. Nikituma taarifa naambiwa kwamba shule inataka michango tu. Natamani wajue watoto wanajifunza nini na wanaendeleaje, lakini wapo wasio na simu janja, wapo wasiojua kusoma, na muda wangu wote unaishia kwenye kusahihisha. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa darasa, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo la michango, kwa sababu ndilo linaloziba masikio ya wazazi kabla hujafungua kinywa. Tangu Januari 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, mzazi anajua kwamba ada na michango ya lazima vimeondolewa. Kwa hiyo kila anapopokea wito wa shule na kukuta ndani yake habari za fedha za mlinzi au za uji, anajenga mazoea ya kuupuuza wito unaofuata. Huenda michango hiyo imekubaliwa na wazazi wenyewe katika kikao halali, nami sina ugomvi nayo, lakini nakusihi usiichanganye na habari za darasa. Taarifa za fedha zipitie kwa kamati ya shule na kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa siku yake na kwa karatasi yake, ili wewe mwalimu wa darasa ubaki kuwa mtu ambaye mzazi akipata salamu zako anajua kwamba anakuja kuambiwa habari za mwanawe.

Chombo cha kumfikishia habari hizo unacho tayari, nacho ni daftari la mwanafunzi. Tatizo ni kwamba alama tunazoziandika humo tunaelewana sisi walimu peke yetu. Chukua hesabu ya 42 kutoa 17. Mtoto ameandika 35, nawe umeweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Mzazi anayeiona nyekundu hiyo huhitimisha kwamba mwanawe ni mzito wa kuelewa au anacheza darasani, na pengine fimbo inafuata. Lakini wewe uliyefundisha unajua kilichotokea: mtoto alifika kwenye mamoja, akaona 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha akatoa 1 kwenye 4 akapata 3. Mtoto huyo anajua kutoa. Asichokijua ni kukopa kumi moja kutoka kwenye nafasi ya makumi. Ukiandika chini ya hesabu hiyo, "Anajua kutoa, bado hajazoea kukopa, mpeni vijiti afanye 31 kutoa 14 na nyingine za namna hiyo", umempa mzazi kazi anayoiweza, na umemwondolea mtoto kipigo ambacho hakustahili.

Utaniuliza utaziandikaje sentensi 112. Usiziandike zote kwa pamoja. Andika tano kwa siku, ukifuata mpangilio wa majina katika daftari la mahudhurio, na usiruke jina hata moja, kwa maana anayesahaulika siku zote ni yule mtoto mkimya wa katikati, ambaye si hodari wa kusifiwa wala si mtundu wa kushitakiwa. Kwa mwendo huo utalipitia darasa lote katika siku 23 za masomo, na kwa kuwa mwaka wa shule una siku 194, kila familia itapata neno lako takribani mara nane kwa mwaka badala ya kungoja ripoti ya mwisho wa muhula. Katika chumba chenye watoto 112, wakati kiwango kilichowekwa ni watoto 45, sioni wa kukudai zaidi ya hapo.

Kitu kimoja nakuomba ukizingatie sana: sentensi yako iseme jambo linaloonekana. "Anajitahidi" na "aongeze bidii" ni maneno ambayo tumeyajaza katika ripoti kwa miaka mingi, na hayamwambii mzazi chochote. Andika kwamba anasoma maneno kama *baba* na *kalamu* bila kusita, lakini akikutana na silabi mwambatano kama *mba* au *nywa* anarukia neno analolikisia. Mzazi akisoma hivyo atajua asikilize wapi.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa kamwe, nalo huzua mvutano usio wa lazima nyumbani. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa madarasa ya mwanzo uliweka mkazo kwenye sauti za herufi, ilhali wengi wa wazazi walikaririshwa majina ya herufi. Mtoto anarudi nyumbani akitamka sauti, baba anamkatiza na kumfundisha "be, che, de", na jioni inaishia kwa machozi. Watoto wamepokea maelekezo mawili yanayopingana, na wote wawili, mwalimu na mzazi, walikuwa na nia njema. Mazungumzo ya dakika kumi katika kikao cha kwanza cha mwaka, ukiwaonyesha wazazi kwa kadi za herufi jinsi *m* na *a* zinavyoungana kuwa *ma*, yatakusaidia kuliko hotuba ndefu kuhusu wajibu wa mzazi.

Kwa wasiojua kusoma, habari iende kwa kinywa cha mtoto. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, waulize wanafunzi: "Ukiulizwa nyumbani umejifunza nini wiki hii, utasema nini?" Wajibu wachache, mkubaliane sentensi moja, waiseme pamoja, kisha uwape kazi ya kuisema nyumbani na kumsomea mkubwa yeyote ukurasa mmoja. Bibi asiyeijua herufi hata moja anaweza kumsikiliza mjukuu na kutambua kama anasoma kwa mfululizo au anakwama kila neno. Na kesho yake mtoto akikuambia, "Bibi amesema nimesoma vizuri", umejua kwamba habari imefika. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haimwaibishi mtu.

Kuhusu simu, huhitaji simu janja. Ujumbe mfupi wa kawaida unaingia hata kwenye kitochi, na usipozidi herufi 160 unahesabiwa kuwa ujumbe mmoja, kwa mfano: "Darasa la 2: wiki hii tunasoma silabi mba, nda, nywa. Msikilize mtoto akisoma dakika 10 kila jioni. Ijumaa tutawapima. Mwalimu wa darasa." Gharama yake usiibebe peke yako. Zungumza na mwalimu mkuu uone kama ruzuku ya uendeshaji, katika fungu lake la utawala, inaweza kulipia kifurushi cha ujumbe; ikishindikana, teua wazazi kumi wanaokaa maeneo tofauti, uwatumie wao, nao wawapashe majirani. Namba zenyewe zihakiki kila mwanzo wa muhula, kwa kuwa namba iliyoandikwa Januari mara nyingi haipatikani ifikapo Julai, na kando ya namba ya mzazi uandike ya mtu wa karibu.

Zipo habari zisizongoja zamu. Mtoto akianguka uwanjani, akipandwa na homa, au akikosekana siku mbili mfululizo bila taarifa, mzazi asikie kwako siku hiyohiyo. Hata goti lililochubuka, ni vyema asikie kwako kabla hajasimuliwa na mtoto wa jirani, maana simulizi ya jirani huwa imeongezewa mengi.

Mwisho, shule nyingi sasa zina UWAWA, chombo kinachowaunganisha wazazi na walimu. Kama kwenu kipo lakini kimelala, mwombe mwalimu mkuu kiamshwe kwa ngazi ya darasa, wazazi wawili au watatu wa darasa lako wawe wasaidizi wako. Wape kazi ya kupeleka habari za masomo, wala si ya kukusanya fedha.

SWALI: Shuleni kwa mwanangu kuna kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne. Baada ya kila jaribio mwalimu anapiga picha orodha yote ya majina na alama, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kuiweka humo. Binti yangu alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kufika asubuhi, watoto wa wenzangu walikwisha kulijua jambo hilo na wakamwita jina la kumdhihaki. Sasa hataki kwenda shule. Nikilalamika nitaonekana mkorofi. Nifanye nini?
*Mzazi, Temeke, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu mzazi, pole sana, na umpe pole binti. Hujakosea kuumia, wala hutakuwa mkorofi ukisema. Mwalimu huyo yaelekea anataka wazazi wapate habari haraka, na nia hiyo ni njema, lakini alama za mtoto mmoja ni habari ya mtoto huyo na wanaomlea, haziwahusu wazazi wengine wote waliomo kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na shule inayosambaza majina na alama zao bila ridhaa inajiweka mahali pabaya. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha utaratibu wa kuwataja wanafunzi bora na shule bora. Ikiwa Baraza limeona haifai kuwapanga watahiniwa kwa namna hiyo mbele ya taifa, darasa la nne lina sababu kubwa zaidi ya kuacha.

Nenda ukamwone mwalimu wa darasa ana kwa ana, usiandike malalamiko ndani ya kundi, kwa sababu ukifanya hivyo utamtia mwalimu katika aibu ileile iliyomkuta binti yako, na atajitetea badala ya kukusikiliza. Mweleze kilichomtokea mtoto asubuhi ile, kwa maneno aliyoitwa, bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Kisha mwombe mambo mawili: orodha iliyokwisha kuwekwa ifutwe, na kuanzia sasa kundi libaki kwa matangazo ya wote, kama vile tarehe ya jaribio, mada inayofundishwa na vifaa vinavyohitajika kesho, ilhali alama za kila mtoto ziende kwa mzazi wake peke yake, kwa ujumbe au kwa karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Vivyo hivyo kwa picha za watoto, hasa za wanaoadhibiwa au walioumwa. Asipobadilika, nenda kwa mwalimu mkuu, na baada yake kwa kamati ya shule.

Nawe ukiwa hapo shuleni, omba uoneshwe karatasi yenyewe ya jaribio. Nafasi ya tatu kutoka mwisho haikuambii binti ameshindwa wapi, ila maswali aliyokosa yatakuambia. Pengine ni mada moja tu aliyoikosa alipokuwa mgonjwa, na mwaka huu ana Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne unaomngoja, kwa hiyo mkilijua pengo mapema mtaliziba kwa pamoja.

SWALI: Mimi ni mama lishe. Vikao vya shule huitwa saa nne asubuhi, wakati wateja wangu wa chai wangali wamekaa na chakula cha mchana kipo jikoni. Sijahudhuria hata kimoja mwaka huu, na sasa naona haya kumkabili mwalimu wa mwanangu wa darasa la kwanza. Je, kuna njia nyingine?
*Mama wa mtoto mmoja, Mwanza*

JIBU: Dada yangu, njia ipo. Kukosa kikao hakukuondolei haki ya kujua habari za mwanao, na walimu wengi wanaelewa hali ya anayeamka alfajiri kutafuta riziki. Mtume mtoto na kikaratasi, au mpigie mwalimu jioni baada ya kufunga kazi, umwambie waziwazi kwamba saa nne huwezi na umwulize siku gani unaweza kupita kabla ya vipindi kuanza au baada ya watoto kutoka. Dakika tano zinatosha ukiwa na maswali yako: anasoma silabi zipi, anakaa na nani, anakula kitu wakati wa mapumziko, anazungumza au ananyamaza. Mweleze na yale ambayo mwalimu hawezi kuyaona, kwamba mtoto huchelewa kulala kwa sababu ya biashara, au kwamba sikio lake moja halisikii vizuri, ili amsogeze mbele.

Na kwa kuwa si wewe peke yako mwenye kazi za asubuhi pale Mwanza, zungumza na wauza samaki, waendesha bodaboda na wafanyakazi wa viwandani wenye watoto shule hiyo, kisha mmoja wenu aiombe kamati ya shule ihamishie angalau kikao kimoja kwa muhula saa kumi jioni au Jumamosi. Ombi lenye majina kumi chini yake ni vigumu kulikataa.