Usisaini hiyo ankara. Vipe vitu majina kwanza

Mleta uzi, simama hapo hapo. Unasema una jengo la ghorofa, unataka vihisi vya kupima ukomavu wa zege, vifuatiliaji kwenye kijiko na winchi, droni ya kupiga picha za maendeleo, na jukwaa moja la kuunganisha vyote ili kazi ikimbie. Unauliza ununue jukwaa lipi. Halafu chini kabisa umeandika "majina ya maeneo tutayapanga mbele ya safari." Mkuu, mbele ya safari ndiko nilikotoka mimi. Hakuna kitu huko.

Na najua nani kakuambia hivyo, kwa sababu na mimi aliniambia, yeye au pacha wake. Ni muuzaji wa hivyo vifaa: anakuja na kishikwambi, anafungua na ile ripoti ya 2017 ya McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara: tija ya ujenzi duniani imekua kwa asilimia 1 tu kwa mwaka kwa miongo miwili, wakati uchumi wa dunia kwa jumla umekwenda asilimia 2.8. Takwimu ni ya kweli na inauma. Shida ni slaidi inayofuata, ile inayosema dawa ni bidhaa yake. Nilimuuliza wangu: hivi vitu vitajuanaje? Akacheka kwa upole, kama unavyomchekea mjomba asiyejua simu, akasema mfumo unajiunganisha wenyewe. Nikamwamini. Sina cha kujitetea, zaidi ya kwamba chumba kilikuwa na kiyoyozi.

Sasa twende kwenye kidonda.

Slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili tuliimwaga vipande viwili, siku tofauti. Ramani za mhandisi ziliviita S2-A na S2-B. Nyapara wa zege aliviita "cha ngazi" na "cha lifti", kwa sababu ndivyo unavyoviona ukisimama pale. Ratiba iliviita kwa namba za shughuli ambazo alizijua mpanga ratiba peke yake. Hati za malori ya zege zilikuwa na namba ya mmwago. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, nikaona ndiyo kawaida ya saiti. Kijana wa vihisi alipokuja kufunga kihisi kwenye nondo za kipande cha ngazi, programu ilimwuliza jina la mahali. Akaandika "Slabu 2". Alikuwa ghorofa ya pili, angeandika nini? Kihisi cha kipande cha lifti kilifungwa pia, ila hakikusajiliwa. Kilikuwa kinapima joto lake kimya kimya na hakuna aliyekisikiliza.

Kipande cha ngazi kikakomaa. Dashibodi ikawa kijani, na ujumbe ukaenda wenyewe kwenye simu ya kiongozi wa mafundi mbao: "Slabu 2: nguvu imefikiwa." Kwake yeye Slabu 2 ni ghorofa ya pili yote. Wakaanza kufungua mbao upande wa lifti, kwa sababu winchi ilikuwa karibu na mbao zilihitajika juu. Yaani wakaanza na zege changa kabisa.

Utauliza, kibali cha kufungua mbao kilikuwa wapi? Ile karatasi ambayo mhandisi wa saiti anaisaini akiwa amesimama chini ya slabu yenyewe? Nilikuwa nimeifuta. Mimi. Nilishauriwa kwamba karatasi ndiyo inayochelewesha kazi na kwamba sasa data ndiyo itakayosaini.

Aliyetuokoa ni fundi mzee mmoja aliyegoma kuendelea. Alisema mirunda inakataa kulegea, inabanwa zaidi kadiri anavyoifungua. Akainua tochi, akaonyesha ufa mwembamba unaozunguka kichwa cha nguzo. Wakarudisha mirunda kwa kukimbia. Hakuna aliyeumia, na hilo sitalifanyia utani. Vingine vyote vinaruhusiwa: slabu iliyolala katikati kama kitanda cha kamba, watu wa maabara wakitoboa zege kuchukua sampuli, winchi ya kukodi ikisimama bure huku saa zake zikihesabiwa, mafundi umeme wamekaa juu ya makopo wakinitazama. Mwishoni kipande kile kilivunjwa chote. Faida yote ya "kazi kukimbia" iliondoka na vifusi.

Halafu bima. Walitaka kitu kimoja tu: ushahidi wa kihisi kilikuwa kwenye kipande gani. Tulikuwa na picha nyingi kuliko za harusi, na kila moja jina lake lilikuwa IMG na namba. Na ile kampuni? Ilijibu kwa barua fupi kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba walikuwa sahihi. Kihisi hakikudanganya. Zege la kipande cha ngazi lilikuwa na nguvu ileile kiliyosema. Data ilikuwa ya kweli, ila ya kitu kingine.

Usidhani haya ni ya sisi wa saiti ndogo tu. Mwaka 2003, daraja la Laufenburg kwenye mto Rhine, kati ya Ujerumani na Uswisi, lilikuwa linajengwa kutoka pande zote mbili. Ujerumani inapima kimo kwa usawa wa Bahari ya Kaskazini, Uswisi kwa Mediterania, na tofauti yake ni sentimita 27. Wahandisi walilijua hilo na wakaliweka kwenye hesabu, ila alama ya kujumlisha na kutoa ikageuzwa, na pande mbili zikapishana sentimita 54. Nchi zenye wapimaji wa kutosha, namba sahihi kabisa, na neno "kimo" ambalo kila upande uliliita kwa usawa wake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, na nitairudia mpaka mods wanifungie: kitu kimoja, jina moja, kila mahali, kabla ya kununua kifaa hata kimoja.

Naposema kitu namaanisha kila kinachoshikika au kinachomwagwa: kila kipande cha slabu, kila nguzo, kila mtambo, kila mchanganyiko wa zege. Jina liwe fupi kiasi cha kuweza kulipigia kelele huku mikisa ikinguruma. Liandikwe kwa rangi kwenye mbao kabla ya kumwaga, na ukitaka urembo bandika msimbo wa QR pembeni yake. Jina likishatumika halirudiwi, hata kama kitu kimevunjwa (hasa kama kimevunjwa). Orodha iwe na mwenye nayo mmoja, mtu wenu, si wa kampuni ya vifaa, na iwe na safu ya majina ya zamani ili "cha lifti" ya nyapara ipate pa kuingia bila ugomvi. Halafu ifungeni kwenye mkataba: hati ya lori isiyo na jina la kipande hailipwi. Hapo ndipo wakandarasi wadogo wanapogeuka wanafunzi wazuri.

Jaribio lake: mwite nyapara, mpima na mhasibu, kila mmoja peke yake, umtajie jina moja kutoka kwenye orodha, umwambie akuonyeshe kwa kidole. Wakionyesha vitu viwili tofauti, hujawa tayari kununua chochote.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema "tumia ISO 19650 basi," kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi. Itumie, ni nzuri, sehemu zake mbili za kwanza zilitoka 2018 na zinakupa utaratibu wa nani anatoa taarifa gani, lini, na nani anaiidhinisha. Lakini mifumo ya majina ambayo watu wengi huichukua pamoja nayo ni ya mafaili. Faili kuwa na jina zuri hakumsaidii fundi aliyesimama chini ya slabu. Na wa IFC, ule muundo wa faili wa kubadilishana modeli za kompyuta za majengo, naye atakuja, atasema kila kitu kwenye modeli tayari kina kitambulisho chake. Kweli, herufi na namba 22. Jaribu kumtajia fundi mbao kwenye redio. Tena mchoraji akifuta ukuta na kuuchora upya, kitambulisho kinabadilika, ukuta wenyewe ukiwa palepale. Kiache mashine zitumie, ila kiunganishe na jina la binadamu.

Mchanganyiko wa zege nao usiusahau. Kihisi hakipimi nguvu. Kinapima joto kwa muda, na programu inalinganisha na mkunjo, yaani grafu ya ukomavu na nguvu, uliopatikana maabara kwa kuvunja sampuli za mchanganyiko huohuo. Ndivyo njia ya ASTM C1074, kiwango cha kukadiria nguvu ya zege kwa ukomavu wake, inavyofanya kazi. Mtambo wa zege ukibadili aina ya saruji au ukaongeza majivu ya makaa katikati ya mradi, na hati ikaendelea kuandika jina lilelile, mkunjo wako umeshakufa na dashibodi itaendelea kung'aa kijani. Saruji mpya, jina jipya, mkunjo mpya. Na kibali cha karatasi kirudi, asaini mtu mwenye macho.

Majina yakikaa sawa, ndipo haya mambo yanalipa, nakuapia. Hati ya lori, kihisi na ratiba vikitaja kipande kilekile, hauhitaji jukwaa la ajabu. Hata jedwali la kawaida linakuonyesha kwamba genge limesubiri zege asubuhi nzima, au kwamba slabu ilikuwa tayari kufunguliwa tangu jana na mbao zimelala chini bure. Tija imejificha kwenye kusubiri huko. Mitambo nayo ni hivyohivyo: dai data kwa ISO 15143-3, kiwango cha kutuma data za mitambo ya ujenzi, ili kijiko cha kampuni moja na greda la nyingine viingie kwenye jedwali moja, na uangalie saa. Mara nyingi data ya mitambo huja kwa saa za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, na daftari la getini linaandika za hapo mlipo. Mwaka mzima utamtuhumu dereva wizi wa mafuta ya usiku kumbe ni mchana kweupe.

Uliuliza pia kuhusu droni na kitu kingine, nadhani pacha wa kidijitali, yaani nakala ya jengo ndani ya kompyuta. Droni nunua, picha zake ni nzuri kwenye vikao. Hilo la pacha wengine watakujibu.

Kuhusu jukwaa lipi, muulize huyo muuzaji maswali mawili kabla hujatia saini. La kwanza: nikisahihisha jina la kipande ndani ya mfumo, vipimo vyake vya nyuma vinabaki nacho au vinapotea? La pili: nikiondoka, naondoka na data zangu zote, na kwa muundo gani? Usimpe muda wa kupiga simu ofisini. Majibu yake yalete hapa, na orodha yako ya majina ukiwa nayo, nitaipitia mstari kwa mstari.