Naamka alfajiri, niende wapi?

SWALI: Shangazi, hujambo? Nilistaafu ualimu mwezi Januari, baada ya kutimiza miaka 60. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri, napiga pasi blauzi, kisha naketi kitandani nimeishika. Wanangu wananiletea wajukuu kila siku, eti mama hana kazi. Nawapenda sana, lakini nahisi kupungukiwa.
Mwalimu, Buruburu

JIBU: Mwalimu wangu, blauzi hiyo imenigusa. Mimi nilipoacha uuguzi, kwa miezi mitatu nilikuwa nikisikia kengele ya wodi usingizini.

Usiache kuamka mapema. Alfajiri yangu huipeleka msitu wa Karura, hapa Nairobi. Tuko wanawake watano, tunatembea polepole hadi kwenye maporomoko, tunafungua chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, tunaongea mpaka jua lipande. Msitu huo Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi, wakapigwa kwa ajili yake. Kila nikipita chini ya ile miti namshukuru.

Wajukuu wapangie siku mbili kwa wiki, basi. Waambie wanao waziwazi, wala usiombe radhi.

Na ualimu haujakwisha, dada. Makadara, si mbali nawe, pana maktaba, Kaloleni vilevile. Mwulize mkutubi kama kuna watoto wanaotaka kusomewa hadithi Jumamosi. Siku hiyo ivae blauzi yako. Wakija hata watatu tu, niandikie.