Usijizeeshe kwa mdomo wako mwenyewe

Tangu nistaafu, muda wangu mwingi naumaliza na watu wa rika langu. Tukikaa, tunawasema vijana: hawatusikilizi, wanatuona tumepitwa na wakati. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Ila tusikilize sisi tunavyojisema. "Mimi nimeshakwisha." "Kwa umri huu nijifunze ili iweje?" "Hayo waachie vijana." Kijana angetutamkia maneno hayo usoni tungemnunia mwaka mzima. Tukijitamkia wenyewe, tunaona ni unyenyekevu.

Hatukuyaanza uzeeni. Ubaguzi wa umri ulipewa jina lake mwaka 1969 na Robert Butler, daktari wa Marekani, na una jambo moja la ajabu: anayebagua leo, akijaaliwa uhai, atakuwa yule yule aliyekuwa akimdharau. Utotoni tulimcheka babu wa kwenye vichekesho anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Ujanani tukawakatisha wakubwa maneno kwa kuwa wanaongea polepole. Basi mvi zilipotuota, hukumu tuliyokwisha kuwakatia wengine ikatuangukia sisi, na wengi wetu hatukukata hata rufaa.

Kuna utafiti ninaopenda kuwasimulia wenzangu. Mwaka 1975, katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Ohio, Marekani, watu wa miaka 50 na kuendelea waliulizwa wanauonaje uzee wao, kwa mfano kama wanaona kadiri umri unavyosonga manufaa yao yanapungua. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walifuatilia baadaye habari za watu 660 kati yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya, hata baada ya kuzingatia afya na hali ya maisha waliyokuwa nayo mwanzoni. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mawazo peke yake ndiyo yaliyoongeza miaka, na mimi sikuambii ukitabasamu mbele ya kioo utafika 100. Lakini njia moja ambayo mawazo hayo hutuumiza nimeiona kwa macho yangu: mtu akishakubali kuwa maradhi ndiyo uzee wenyewe, hatafuti tiba.

Mwenzangu mmoja wa zamani kazini alianza kutosikia vizuri. Kwenye mazungumzo alikuwa akitazama midomo ya watu, wakicheka na yeye anacheka, nukta moja baada yao. Ukimuuliza anasema, "Ah, uzee huu." Kidogo kidogo akaacha kuja tunapokutana. Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda zahanati, akiwa na uhakika kuwa anakwenda kuambiwa alichokwisha kujiambia. Muuguzi akamulika masikio na kukuta nta imekauka na kuziba yote mawili. Akapewa matone ya kulainisha, siku chache baadaye akasafishwa kwa maji ya uvuguvugu. Alipotoka nje alishtuliwa na kishindo cha viatu vyake mwenyewe.

Si kila tatizo linaisha kwa bomba la maji, najua. Macho kushindwa kusoma maandishi madogo ni umri kweli, vaa miwani. Kusahau jina la mtu kisha likakujia ukiwa unaoga si jambo la kukutisha. Lakini kupotea njia unayopita kila siku kunahitaji daktari. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, akaanza kusema vitu visivyoeleweka, huo si uzee hata kidogo: huenda ni maambukizi, upungufu wa maji, dawa anazotumia, au hata kiharusi. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Ukifika huko na mganga akakujibu "ni umri tu, mzee wangu", usiinuke kwenye kiti. Mimi humwambia: "Umri naujua, naomba tutazame kingine." Kabla hujakubali jibu, jiulize kama ungelikubali ukiwa na miaka 35.

Hata unyonge wa misuli tunausingizia umri kupita kiasi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa watu 10 dhaifu wa karibu miaka 90, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja ya waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Na sisi wa 66 tunaomba kuletewa maji ya kunywa.

Sasa kuna kundi la pili, ambalo wengi hulisifu. Hawa ukiwaita wazee wanaruka: "Usinizeeshe!" Watakuambia ng'ombe hazeeki maini. Kupaka nywele rangi sina neno nako, kila mtu na pambo lake. Lakini anayejisifu kuwa "si kama wale wazee" ameshakubali kuwa wale wazee ni takataka. Dharau ni ile ile, amejitoa yeye tu kwenye orodha. Jirani yangu mmoja alikataa mkongojo kwa sababu, nanukuu, "mkongojo ni wa wazee." Ana miaka 78. Alitembea akishika kuta, na mahali pasipo na kuta akaacha kwenda, hadi dunia yake ikabaki chumba na sebule. Hakuna aliyemfungia humo. Tuliposhindwa kumshawishi, tulimwomba amsindikize rafiki yake aliyekuwa akitumia mkongojo, na rafiki akawa anamwachia aushike "kidogo tu". Siku hizi wanayo miwili.

Jambo la mwisho ni simu. Ukimwuliza kijana jinsi ya kutuma kitu, ataichukua mkononi mwako, atabonyeza haraka haraka na kukurudishia: tayari. Wewe unashukuru na kusema vitu hivi si vya umri wako. Kesho unauliza tena. Mwambie airudishe, akae pembeni, aeleze kwa mdomo, na kila kinachobonyezwa ubonyeze wewe. Atahema, atatazama juu. Mwache ahemee hapo hapo mpaka mmalize.