Kiungo, Usisubiri Kupigiwa Makofi

Wiki hii kijana mmoja kaniandikia. Anacheza namba 6, yaani kiungo mkabaji, na kilio chake ni kimoja: timu ikishinda anasifiwa mshambuliaji, ikifungwa anaulizwa yeye. Nilicheka, maana hayo ndiyo maisha yangu mpaka nilipotundika daluga.

Mdogo wangu, eneo hilo halina shukrani. Mwaka 2003 Real Madrid walimwacha kiungo wao Claude Makélélé aende Chelsea, na pengo lake likaonekana alipokwisha kuondoka. Leo kazi ile ya kukaa mbele ya mabeki inaitwa kwa jina lake.

Mimi sikuwa na mbio. Kilichonilisha ni shingo. Kabla pasi haijanifikia, nilikuwa nimeshatupa jicho nyuma ya bega la kulia na la kushoto, najua nani ananijia mgongoni na beki yupi wa pembeni kaachwa peke yake. Mpira unapotua kwenye mguu wa mbali, mwili umeshafunguka. Naugusa mara moja, mguso wa pili unaondoka. Kuna kocha aliwahi kuniuliza kama shingo inaniuma. Xavi, kiungo wa Hispania, naye hakuwa na kasi wala kimo, ila alijua picha ya uwanja kabla ya mpira kumfikia, na mwaka 2010 akabeba Kombe la Dunia. Kwa hiyo tazama. Tazama tena. Mpira ukiwa mbali ndiyo kabisa, tazama.

Nilipovuka miaka 30, goti likaanza kuvimba kila baada ya mechi. Klabu niliyoivalia kitambaa cha unahodha ikanitaarifu kwa ujumbe wa simu kuwa mkataba hautaongezwa. Mistari miwili, na jina langu wamelikosea. Bado inaniuma, sifichi. Milan nao walimwacha kiungo wao Andrea Pirlo aondoke bure mwaka 2011, akaenda kutwaa ubingwa wa Italia misimu 4 mfululizo akiwa na Juventus. Sikupata Juventus yangu, lakini nilicheza miaka kadhaa baada ya wao kunizika. Na yule waliyemleta kwenye nafasi yangu… basi, tuyaache.

Ninyi vijana mnakesha na video za chenga, mkataba hamuusomi. Hapo ndipo mnapoliwa! Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba wa zaidi ya miaka 3, na miezi 6 ya mwisho ya mkataba wako una ruhusa ya kusaini na klabu nyingine. Wakala akikuletea karatasi usiku, anakuharakisha usaini hapo hapo, mwambie umelala. Kesho yake nenda nayo kwa mwanasheria ambaye hakuletwa na yeye, aisome yote, hadi kipengele cha matibabu ya jeraha.