Kabla ya kuiamini hesabu ya polima na kiyeyushi

Ushauri ninaoutangulizia kwa yeyote anayeanza kupima michanganyiko ya polima ni huu: usiikubali thamani ya kai (χ, namba inayoonyesha polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, na kiyeyushi chake visivyopatana kwa kiasi gani) iliyotokana na hesabu tupu kabla hujauona myeyusho wako mwenyewe ukiingia ukungu, dalili kwamba viwili hivyo vinatengana.

Nadharia ambayo Flory na Huggins waliifikia, kila mmoja kivyake, mwanzoni mwa miaka ya 1940 inaonyesha kwa nini jambo hili ni nyeti. Kwa kuwa vipande vya molekuli ndefu vimeshikana, haviwezi kutawanyika kwa uhuru ndani ya kiyeyushi, hivyo kutopatana kidogo tu kunatosha kuvitenga viwili hivyo. Kwa mnyororo wa vipande 1,000 mpaka wa kutengana uko kwenye kai ya takriban 0.53, na kwa vipande 10,000 unashuka hadi 0.51.

Chukua polistireni, ambayo ni plastiki, na kiyeyushi cha saikloheksani. Nikikokotoa kai kwa vigezo vya uyeyukaji (namba za kukadiria ni vitu gani vitachanganyika) vya kwenye majedwali, napata takriban 0.47 kwa nyuzijoto 25, yaani vingepaswa kuchanganyika bila shida. Hata hivyo, polistireni yenye minyororo mirefu hutengana kwenye halijoto hiyo, kwa sababu kai ya jozi hii hufika 0.5 kwenye nyuzijoto 34.5 hivi, na chini ya hapo huzidi.

Kwa hiyo ziba myeyusho ndani ya neli ya kioo, uitumbukize katika maji ya moto, kisha uyapoze polepole huku ukiitazama mbele ya taa, kwani myeyusho huanza kwa usamawati hafifu kabla ya kuwa mweupe kama maziwa. Mwanzoni nilipoza kwa haraka, nikasoma kipimajoto cha maji ilhali neli ilikuwa bado na joto zaidi, nami nikaandika nyuzijoto mbili chini ya ukweli. Nilibaini kosa nilipopasha upya na ukungu ukatoweka juu zaidi ya pale ulipotokea. Tangu hapo hupima kwa kupoza na kwa kupasha, na karibu na mpaka sizidishi nyuzijoto moja kwa saa.

Polima ikiwa nyingi kuliko kiyeyushi, njia hiyo haifai. Hapo napima uzito wa utando wa polima unaofyonza mvuke wa kiyeyushi. Lakini polistireni kavu huwa ngumu kama kioo chini ya nyuzijoto 100 hivi, na utando wa namna hiyo hutoa namba inayotegemea jinsi ulivyokaushwa, hata mizani ikiwa imetulia kabisa. Kai yenyewe hubadilika pia kadiri polima inavyoongezeka, kwa hiyo kila thamani ninayoiandika huambatana na halijoto, urefu wa mnyororo na kiasi cha polima kilichokuwemo.