Upinde wa Kodiak wa zamani au mpya wa vipande vitatu?

SWALI: Naishi Grand Rapids, Michigan. Jirani yangu anauza upinde wa rikavu (wenye ncha zinazopinda kwenda mbele) wa marehemu baba yake, Bear Kodiak Magnum wa inchi 52, umeandikwa pauni 50 kwa inchi 28. Una sarafu ndogo ya metali kwenye kishikio na maandishi ya Grayling, Michigan. Anataka dola 150. Kwa fedha hiyohiyo naweza kupata upinde mpya wa mbao unaofunguka vipande vitatu. Sijawahi kupiga mshale maishani, na mimi ni mtu mrefu, nimepita futi sita. Je, upinde wa zamani kiasi hicho haujachoka? Na nikiutia uzi wa kisasa, si utapiga kwa kasi kama mpya?

JIBU: Ndugu yangu, upinde ulioupata ni mzuri kweli. Fred Bear alianzisha kampuni yake Detroit mwaka 1933, akaihamishia Grayling mwaka 1947, na kiwanda kikaondoka huko kwenda Gainesville, Florida, mwaka 1978. Sarafu ya metali iliyozikwa ikalingana na uso wa mti ni alama ya pinde zilizotengenezwa kuanzia 1959 hadi 1972. Baada ya hapo nembo ikawa ya plastiki iliyoinuka. Kwa hiyo jirani hakudanganyi, ni mali ya enzi zile. Lakini kwa hali uliyonieleza, mimi nakushauri uanze na ule mpya. Umri wa Kodiak si tatizo. Tatizo ni uzito wa kuuvuta na ufupi wake.

Kwanza hilo la kuchoka. Upinde wa mti mtupu hulegea kadiri unavyotumika, na wengi wanadhani kila upinde uko hivyo. Pinde za Bear za miaka ile zina mbao nyembamba katikati na tabaka za fibaglasi pande zote mbili, na fibaglasi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Ukitunzwa vizuri, upinde wa namna hiyo hukaa miongo mingi bila kupoteza nguvu ya kutajika. Pinde ninazozipima kwa mizani hutofautiana na maandishi kwa pauni mbili tatu, mara pungufu, mara zaidi, na hata mpya hutofautiana hivyo.

Sasa uzito. Pauni 50 ni nguvu ya kuuvuta uzi hadi mvuto, yaani umbali wa kuvuta, wa inchi 28. Nyoosha mikono yako pande zote mbili, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, kisha gawa kwa 2.5: huo ndio mvuto wako. Mtu wa zaidi ya futi sita mara nyingi hupata inchi 29 au 30. Kila inchi baada ya 28 huongeza pauni mbili na nusu hadi tatu, na katika upinde mfupi huongeza hata zaidi. Maana yake ukivuta inchi 30 utakuwa unashika pauni 56 au zaidi kwa vidole vitatu. Anayeanza na mzigo huo hajifunzi kulenga. Anajifunza kuachia uzi haraka kabla bega halijatetemeka, na tabia hiyo nimeona watu wakihangaika nayo miaka. Mtu mzima mwenye afya namwanzishia pauni 25 hadi 35, basi.

Na ufupi. Kodiak Magnum ulitengenezwa kwa ajili ya mwindaji anayepita vichakani au anayekaa juu ya mti, mahali ambapo upinde mrefu unagonga matawi. Kwa mtu wa mvuto wa inchi 27 au 28 unapendeza sana. Kwa inchi 30, pembe ya uzi pale vidole vinapokaa inakuwa kali mno: vidole vinabanwa, na inchi ya mwisho ya kuvuta inakuwa nzito ghafla. Kampuni bado inautengeneza Kodiak Magnum mpya wa inchi 52, na huo nao ungekusumbua vilevile. Tafuta upinde wa inchi 62 hadi 66. Pinde za vipande vitatu nyingi ni za urefu huo, na mikono yake, yaani zile pande mbili zinazopinda, hufungwa kwa skrubu. Ukianza na mikono ya pauni 30, baadaye unanunua ya 40 na kishikio kinabaki kilekile. Upinde wa zamani wa kipande kimoja hauna nafasi hiyo.

Swali lako la uzi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu pinde nyingi nzuri zimevunjika hivyo. Wakati Kodiak huo unatengenezwa, uzi ulikuwa wa dakroni, aina ya poliesta, ambao hunyumbuka kidogo mshale unapoondoka na kupunguza kishindo. Nyuzi za kisasa, Fast Flight na ndugu zake, zilikuja miaka ya 1980. Hazinyumbuki karibu hata kidogo, kwa hiyo kishindo chote kinaishia kwenye ncha za upinde, pale kwenye mikato inayoshika uzi. Pinde mpya zilizoundwa kwa nyuzi hizo zina ncha zilizoongezwa tabaka ngumu. Za zamani nyingi hazina. Uzi mwembamba wa kisasa huingia kwenye mti kama kisu, na mkono unapasuka kutoka nchani. Faida yenyewe ni futi chache kwa sekunde, na shabaha yako haitaona tofauti. Upinde wa kabla ya nyuzi hizo utie dakroni tu, hata muuzaji wa duka akikuambia nini. Kwa rikavu, uzi huwa pungufu ya urefu wa upinde kwa inchi 4. Wa inchi 52 unachukua uzi wa 48.

Vivyo hivyo na mishale. Mishale myepesi ya kaboni inayouzwa kwa ajili ya pinde za puli, zile za kisasa zenye magurudumu nchani, usiiweke kwenye upinde wa zamani. Kadiri mshale ulivyo mwepesi, ndivyo nguvu nyingi zaidi zinavyobaki kwenye upinde baada ya kuachia. Mimi sishuki chini ya greni 9 (kipimo kidogo cha uzito wa mshale) kwa kila pauni ya kuvuta. Upinde unaovutwa pauni 50 unahitaji mshale wa greni 450, karibu gramu 29, au zaidi. Na usiachie uzi kamwe bila mshale, upinde uwe mpya au wa zamani.

Pengine baada ya haya yote bado moyo wako uko kwa Kodiak, na sitakulaumu. Basi ukague mchana, kwenye mwanga. Pitisha kipande cha pamba kingoni mwa mikono yote. Kikinasa mahali, kuna ufa au fibaglasi imeanza kuinuka. Tazama mistari ya gundi kati ya tabaka: ukingo wa karatasi nyembamba ukiingia, usiununue. Mistari myembamba kama unywele inayokwenda kwa urefu wa mkono kwa kawaida haina neno. Inayokatiza kwa upana, hasa karibu na kishikio, uikimbie. Uliza kama ulikaa darini au ndani ya gari wakati wa kiangazi, maana joto ndilo adui mkubwa wa gundi.

Kisha mwombe jirani autie uzi kwa kamba maalumu ya kazi hiyo, wala asiupitishe katikati ya miguu na kuukunja kwa paja, kwani hivyo ndivyo mikono inavyopotoka. Ukishatiwa uzi, utazame kutoka nchani: uzi upite katikati ya mkono wa juu na wa chini. Ukiegemea upande mmoja kidogo, fundi anaweza kuurudisha kwa maji ya moto na subira. Ukipotoka sana kiasi cha uzi kutaka kuchomoka, acha. Uache umetiwa uzi kwa nusu saa hivi, ndipo uvute inchi chache, uulegeze, uongeze kidogo, hadi nusu ya mvuto wako, ukisikiliza. Vaa miwani ya kinga. Ukitoa mlio wa kukatika, ulegeze polepole.

Ukipita yote hayo, dola 150 ni bei ya haki. Ununue, uutundike bila uzi ukiwa mlalo kwenye vigingi viwili mbali na joto, na ule wa vipande vitatu ununue ukiwa na mikono ya pauni 30 ili uanze mazoezi.